Usiku wa Mia Mbili na Saba

Ndoto ni mali ambayo tajiri na maskini wamegawiwa kwa kipimo kimoja. Hailipiwi kodi, haiibwi na mwizi, wala hairithiwi na ndugu. Watabiri wa zamani waliuza tafsiri yake, lakini ndoto yenyewe hawakupata njia ya kuiuza. Ilibaki kwa mwenyewe, akaamka nayo au akaisahau kabla ya kunawa uso. Siku hizi njia imepatikana. Wametokea walimu wanaoahidi kwamba mtu yeyote, kwa siku tatu au kwa juma moja, ataweza kuingia ndotoni akili yake ikiwa macho, akaruka angani kama tai, akajenga majumba, akawaita awatakao na kuwafukuza asiowataka. Huuza vitabu, mafunzo, vitambaa vya kufunika macho vyenye taa ndogo ndani yake, na vidonge. Mteja wao mkubwa ni mwanafunzi anayeanza, kwa kuwa aliyekwisha kubobea hana haja nao.

Ufundi wenyewe hauna hatia. Ni ufundi wa kweli, wa kale, na una manufaa kwa baadhi ya watu. Kinachostahili lawama ni utaratibu wa mafundisho haya, ambao humfundisha mwanafunzi kutawala kabla hajajua kukumbuka, kisha humtoza ada ambayo haikuandikwa popote: usingizi wake.

Kiswahili hakina neno moja la kutaja jambo hili lililozoeleka kwa wote. Ni ndoto ambayo aotaye hujua, katikati ya kuota, kwamba anaota. Yaweza kuitwa ndoto ya utambuzi. Aristotle alilitaja jambo hilo katika maandishi yake juu ya ndoto, na watawa wa Kibudha wa Tibet wamelifanya kuwa sehemu ya mazoezi yao ya dini kwa karne nyingi. Jina linalotumika Ulaya lilienezwa na Frederik van Eeden, tabibu na mwandishi wa Uholanzi, katika makala aliyoitoa mwaka 1913. Mtu mwingine aweza kuwa ameota hivyo utotoni bila ya kujua kwamba jambo lina jina. Uchunguzi uliokusanya tafiti za miaka hamsini na kuchapishwa mwaka 2016 uliona kwamba kadiri ya watu 55 katika kila 100 wamepata ndoto ya namna hiyo angalau mara moja maishani, na kwamba kadiri ya watu 23 katika 100 huipata mara moja kwa mwezi au zaidi.

Wapo wanaocheka wakisikia habari hii, na hao wajibiwe upesi ili njia iwe wazi. Husema kwamba mtu hawezi kulala na kujua kwamba amelala. Mwanafalsafa Norman Malcolm alitoa kitabu kizima mwaka 1959 kushikilia kwamba maneno "nimelala" hayawezi kuwa hukumu ya kweli katika kinywa cha aliyelala. Hoja yake ilikuwa na mantiki nzuri sana, ikavunjwa na mboni za macho. Katika usingizi ule ambao ndoto nyingi huotwa, viungo vya mwili hulegea hata visiweze kutii, lakini macho huendelea kucheza chini ya kope. Aserinsky na Kleitman walilitangaza jambo hilo huko Chicago mwaka 1953. Basi mwezi wa Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, Keith Hearne alipatana na mwotaji hodari, Alan Worsley, kwamba akijitambua ndotoni ayapeleke macho yake kushoto na kulia kwa namna iliyoagwa. Worsley alifanya hivyo, na mashine ikaandika ishara hiyo ilhali vipimo vyote vikionyesha kwamba amelala. Stephen LaBerge alithibitisha jambo lilo hilo katika Chuo Kikuu cha Stanford, akalichapisha mwaka 1981. Mwaka 2021 wataalamu wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walitangaza kwamba wamewauliza maswali watu waliolala wakiota. Mmoja aliulizwa nane ukitoa sita hubaki ngapi, akajibu kwa macho: mbili. Baada ya hayo kicheko hakina mahali pa kukaa.

Lakini ukweli wa jambo ni kitu kimoja, na uaminifu wa anayelifundisha ni kitu kingine. Bahari ya Hindi ipo kweli; hiyo si sababu ya kumwamini kila anayeuza ngalawa.

Itafaa aangaliwe mwanafunzi mmoja wa kweli, tena mwanafunzi aliyekuja kuwa mwalimu wa wote waliofuata. Marki d'Hervey de Saint-Denys alikuwa Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1822, na katika utu uzima wake alifundisha lugha ya Kichina katika Collège de France. Alipokuwa katika mwaka wa kumi na nne wa umri wake alianza kuandika na kuchora ndoto zake katika daftari. Hakuna aliyemwahidi kitu. Hakuwa na mashine, hakuwa na kidonge, wala hakuwa na nia ya kuruka angani. Alikuwa mtoto mwenye rangi na karatasi ambaye alitaka picha za usiku zisimpotee. Aliendelea hivyo hata yakajaa madaftari 22, yenye habari za usiku 1,946, ambazo ni zaidi ya miaka mitano. Mwaka 1867 alitoa kitabu juu ya ndoto na njia za kuziongoza, pasipo kuandika jina lake.

Katika kitabu hicho imo hesabu ambayo wauzaji wa siku hizi hawapendi kuitaja. Ndoto ya kwanza ambayo ndani yake kijana huyo alijua kwamba anaota ilimjia katika usiku wa 207 wa daftari lake. Ya pili ilikuja usiku wa 214. Miezi sita baadaye zilikuwa zimefikia usiku mbili katika kila tano; baada ya mwaka, usiku tatu katika kila nne. Naapitie kila mtu hesabu hiyo polepole. Kwa usiku 206 mtoto yule aliamka, akaandika, akalala tena, na hakupata hata tone la kile ambacho leo huahidiwa kwa siku tatu. Hata hivyo hakuna mahali anapouhesabu wakati huo kuwa hasara, na hakika haukuwa hasara. Alikuwa akijifunza sura ya ndoto zake kama mvuvi anavyojifunza mwamba: mahali pake, wakati wake, na dalili zake. Aliyezijua ndoto zake kwa usiku 206 alikuwa tayari kuitambua moja kwa jina lake ilipomjia.

Mfano wa pili ni van Eeden mwenyewe. Kutoka Januari 1898 hata Desemba 1912 aliandika ndoto za utambuzi 352. Wingi huo hutisha mpaka ugawanywe kwa miezi: hutoka mbili kwa mwezi, au pungufu kidogo. Mtu huyu ndiye aliyelipa jambo jina lake. Laiti angejiandikisha leo katika mafunzo ya haraka angerudishiwa madaftari yake na kuambiwa kwamba ni mwanafunzi mzito.

Wauzaji hujibu kwamba elimu imesonga mbele tangu zama za Marki, na kwamba njia mpya zimefupisha safari. Jibu hilo lina haki yake na lipimwe kwa haki. Njia zenye nguvu zaidi zinazojulikana ni hizi. Kwanza, kujipima mchana: mtu hujiuliza mara kadhaa kwa siku kama yu macho au anaota, na huthibitisha kwa jambo dogo, kama kusoma maandishi mara mbili, kwa kuwa maandishi ya ndotoni aghalabu hubadilika yakisomwa tena. Pili, kuvunja usingizi: mtu huamshwa baada ya saa tano za kulala, akakaa macho kitambo, akarudi kitandani. Tatu, kutia nia: anapolala tena huikumbuka ndoto aliyotoka kuiota, akajiambia kwa moyo wote kwamba akiota tena atakumbuka kuwa anaota. Njia hii ya tatu ilitungwa na LaBerge na kuelezwa mwaka 1980. Mwaka 2017 Denholm Aspy wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, alitangaza matokeo ya watu 169 walioshiriki katika kuzijaribu njia hizo. Waliozitumia zote tatu pamoja walifaulu kwa kadiri ya mara 17 katika kila majaribio 100.

Hayo ni matokeo mazuri. Ni mazuri kuliko ya Marki, na aliyeyapata anastahili heshima. Lakini yasomwe kutoka upande wa pili vilevile: njia bora zilizopo, zikifuatwa na watu wenye hamu, hukosa mara 83 katika 100. Daktari hauzi dawa ya namna hiyo kwa kusema itaponya kwa siku tatu.

Tena katika uchunguzi huohuo limo neno ambalo lingepasa kuwa la kwanza katika kila kitabu cha wanaoanza, nalo aghalabu halimo. Wale waliotia nia na kushikwa na usingizi ndani ya dakika tano walifaulu kwa kadiri ya mara 46 katika 100. Waliochelewa kushikwa na usingizi walipata kidogo zaidi. Yaani kilichofungua mlango kilikuwa usingizi wenyewe, mwepesi wa kuja, wa mtu aliyetulia. Na ni usingizi huohuo ambao mafundisho ya haraka huufanya adui wa kuvunjwavunjwa kwa kengele.

Hapa ndipo hasara ilipo, na haifai ipitiwe kwa juujuu. Mafundisho haya hufika kwa simu, na simu haina mpaka. Wanaoyapokea wapo Dar es Salaam na Mombasa kama walivyo London. Basi achukuliwe kijana wa mjini ambaye hulala saa tano ya usiku, na ambaye hana budi kuamka saa kumi na moja alfajiri ili aliwahi basi. Usingizi wake wote ni saa sita, nao umekwisha kupungua, kwa maana mtu mzima huhitaji saa saba au zaidi. Mwalimu wake humwambia atege kengele saa kumi, zitimiapo saa tano za kulala, na akae macho nusu saa. Kimebaki nini? Nusu saa, na katika nusu saa hiyo alale, aote, ajitambue, atawale. Asipofaulu hulaumiwa kwamba nia yake ni dhaifu. Usiku unaofuata hutega kengele mbili.

Saa za mwisho za usiku ndizo zenye ndoto nyingi. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kadiri ya dakika 90, na katika kila mzunguko sehemu ya ndoto huzidi kurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Kwa hiyo mtu anayelala saa sita badala ya nane amekwisha kukata sehemu iliyo tajiri kuliko zote. Kama mwanafunzi huyu angepewa shauri moja tu la kweli, lingekuwa kulala mapema kwa saa moja na nusu. Shauri hilo lingemzidishia ndoto, lingemzidishia kumbukumbu, na lingemwezesha kufanya kazi yake bila kusinzia. Ila halina bei, na lisilo na bei halipambi dirisha la duka.

Iko njia nyingine inayopendwa na walimu wa haraka, nayo ni ya kuingia ndotoni moja kwa moja kutoka katika kukesha. Mwanafunzi huambiwa alale chali, asijitikise, aiache akili iangalie mwili unavyolala. Wapo wanaoimudu. Lakini anayeanza aghalabu hukutana kwanza na kitu ambacho Waswahili walikwisha kukipa jina kabla ya maabara zote, yaani jinamizi: akili imeamka, mwili umefungwa na ulegevu wa usingizi wa ndoto, kifua kizito, na mtu au kivuli kimesimama chumbani. Kwa mwenye kujua sababu yake, jinamizi ni dakika chache za mashaka. Kwa asiyejua ni usiku wa kukumbukwa. Unguja na Pemba hawahitaji kuelezwa hayo. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilipoenea visiwani, watu walitoka majumbani wakalala nje kwa makundi kuzunguka moto. Na baadhi ya wachunguzi walioandika juu ya habari hizo wameona kwamba mengi yaliyosimuliwa na walioingiliwa yalifanana na jinamizi la usingizi. Mwalimu anayempeleka mwanafunzi kwenye mlango huo bila ya kumwambia ni nani hukaa kizingitini hana udhuru, hasa akiwa anafundisha watu waliolelewa na hadithi ambazo yeye hazijui.

Kidonge nacho kina habari yake. Dawa iitwayo galantamini, ambayo waganga huwapa wazee wenye maradhi ya kupotewa na kumbukumbu, ilijaribiwa na LaBerge na wenzake kwa watu 121, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Waliokunywa kidonge kisicho na dawa walipata ndoto ya utambuzi kwa kadiri ya 14 katika 100; waliokunywa miligramu 4, kadiri ya 27; waliokunywa miligramu 8, kadiri ya 42. Hakuna ubishi juu ya tarakimu hizo. Lakini watu wale walikuwa wameshaonyesha hamu na mazoea ya kukumbuka ndoto, waliamshwa kwa taratibu maalumu, na walitia nia kama walivyofundishwa. Muuzaji huichukua namba 42, akaibandika juu ya chupa, akaitenga na yote yaliyoizunguka. Dawa ya ubongo wa mgonjwa hugeuzwa kichokoo cha kijana mzima ambaye hajaandika hata ndoto moja katika daftari.

Itasemwa kwamba shutuma hizi ni kali kupita kiasi. Mtu ana haki ya kucheza na usingizi wake mwenyewe. Wengine huchezea fedha, wengine afya, na huyu huchezea usiku wake. Hoja hiyo ingetosha kama wanafunzi wote wangekuja kwa ajili ya mchezo. Hawaji wote kwa ajili hiyo. Miongoni mwa wanaoanza wamo watu ambao usiku huwatesa: aliyenusurika katika ajali, aliyetoka vitani, mwanamke ambaye mtu aliyemdhulumu humrudia kila alfajiri katika sura ileile. Hawa wakisikia kwamba ndoto yaweza kutawaliwa, hawasikii habari ya kuruka angani. Husikia habari ya kuokoka. Na ni kwao ndiko ahadi ya uongo huuma zaidi, kwa sababu atakaposhindwa kutawala kwa siku tatu atajiona ameshindwa na mateso yake mara ya pili, safari hii kwa kosa lake mwenyewe.

Nao wangeweza kuambiwa jambo la kweli lenye faraja. Mwaka 2006 Victor Spoormaker na Jan van den Bout wa Uholanzi walitangaza jaribio dogo lililofanywa kwa watu 23 wenye kuota ndoto za kutisha mara kwa mara. Walifundishwa kwa muda mfupi kujitambua ndotoni na kuubadili mwendo wa ndoto. Idadi ya ndoto mbaya ilipungua. Lakini wachunguzi waliona pia kwamba utambuzi wenyewe haukuwa sharti la nafuu hiyo. Ndoto mbaya ziliweza kupungua pasipo mtu kufika pale alipoahidiwa kufika. Jaribio ni dogo na halifai kubebeshwa mzigo usio wake. Walakini kwa jambo moja linatosha: kipimo cha kutawala si kipimo pekee, na mtu aliyekaa mchana akaitazama ndoto yake mbaya, akaiandika, akafikiri ingeweza kwenda vipi kwa namna nyingine, hakupoteza kazi yake hata kama usiku hakuwahi kusema "hii ni ndoto."

Marki alilijua hilo kwa njia yake. Anasimulia ndoto moja iliyomrudia ambamo alifukuzwa na majitu ya kutisha, naye akikimbia kutoka chumba hata chumba, akifungua milango na kuifunga kwa shida. Usiku mmoja alijitambua katikati ya mbio. Wauzaji wa leo wangemshauri aote upanga. Yeye aliegemea ukuta, akageuka, akalikazia macho lililo mbele kuliko yote, akalichunguza umbo lake kama mtu anayechunguza sanamu. Likapungukiwa na nguvu kadiri lilivyotazamwa, hata mwisho likabaki mithili ya matambara. Hakulipiga. Alilitazama, kwa jicho lililofundishwa na madaftari.

Na pale alipotaka kuamuru tu, ndoto ilimfanyia mzaha. Aliwahi kukusudia kuona itakuwaje akijiua ndotoni. Akajirusha kutoka juu ya mnara. Hakuanguka wala hakufa. Mara alijikuta chini uwanjani katika umati wa watu waliozunguka maiti ya mtu aliyejirusha mnarani, akaona maiti ikichukuliwa. Amri yake ilikuwa imetimizwa, ila kwa mtu mwingine. Asiyeweza kucheka kisa hicho hajapata kufundishwa juu ya ndoto, hata akilipia mafunzo mangapi.

Basi mwanafunzi anayeanza afundishwe nini? Mambo machache yasiyo na utukufu. Alale vya kutosha, na kama usingizi wake ni haba aurekebishe huo kwanza, ahirisha mengine yote. Aweke daftari na kalamu karibu na kitanda. Akiamka asijitikise upesi, kwa kuwa kumbukumbu ya ndoto hukimbia mwili ukigeuka. Alale vivyo hivyo kwa kitambo, akusanye alichonacho, hata kama ni rangi ya mlango tu, kisha aandike. Baada ya majuma kadhaa asome alichoandika, na ataona kwamba ndoto zake zina mazoea: nyumba ya bibi iliyokwisha kubomolewa, mtihani asiojiandaa, gari lisilo na breki, marehemu aliyeketi barazani kama hakuna kilichotokea. Hizo ndizo dalili zake, na hazifanani na za mtu mwingine, ndiyo maana haziuziki. Mchana akutanapo na kitu kinachofanana nazo ajiulize kwa dhati kama anaota. Akiamka alfajiri mwenyewe, pasipo kengele, atie nia kwa utulivu na alale. Usiku asiofaulu aandike alichoota, maana amekiota. Njia ya kuvunja usingizi aiachie siku ya mapumziko, na ya kulala chali akivizia jinamizi aiache kabisa mpaka awe amelielewa. Mwenye maradhi yanayomchanganya kati ya kilichopo na kisichokuwepo asianze bila ya shauri la daktari.

Kwa muuzaji dai ni dogo vilevile. Aandike juu ya jalada la bidhaa yake, kwa herufi za ukubwa uleule alioutumia kwa ahadi, saa ngapi za usingizi zitachukuliwa kwa kila jaribio. Aandike kwamba njia bora zinazojulikana hukosa mara nyingi kuliko kupata. Alitaje jinamizi kwa jina lake. Na chini ya maneno "kwa siku tatu" aongeze kwamba mtoto wa Kifaransa, mwenye subira kuliko wengi, alipata yake ya kwanza usiku wa 207, kisha amwache mnunuzi aamue na fedha yake mfukoni.